Fundi Yuko Kazini

Nchi yetu haina tatizo la umeme. Nasema mapema, asije mtu akanisingizia. Tatizo la umeme lilifutwa kwa tamko mwaka uleule lilipogunduliwa, na tangu hapo kuna nyakati tu ambapo umeme huenda kupumzika. Wizara ya Nuru na Giza la Muda hututangazia mapumziko hayo kwa barua, nasi tunazisoma barua hizo kwa vibatari, tena kwa furaha. Jina la nchi silitaji. Kibali changu cha kulitaja kimekwisha muda, na foleni ya kukihuisha inaanzia wilaya ya pili.

Mie naitwa Pazi. Nimefanya kazi katika Kampuni ya Ng'aza Taifa tangu ilipokuwa na ngazi moja, koleo mbili na mbwa wa kulinda koleo. Leo ina magari mia na jengo la ghorofa tisa, na kila apitaye pale huuliza, hawa wamekuaje haraka hivi? Swali zuri. Nitalijibu kwa moyo mweupe, maana sina ninachoficha. Na kile kidogo ninachoficha mtakuwa mmekijua kabla sijamaliza.

Mwenye kampuni ni Bwana Ngayama, mtu wa shingo fupi na maono marefu. Siku tunaanza hakujua waya upi una moto na upi hauna. Mpaka leo hajui, ndiyo maana ni Mkurugenzi Mkuu. Aliyejua alikuwa Fundi Shomvi Kitojo. Mtu mrefu, mkavu, mpole, ila uguse zana zake ndipo utamjua. Akiwa juu ya nguzo alikuwa akiimba kwa puani, wimbo usio na maneno, mmm, mmm, kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. Ukiusikia wimbo huo ulijua kazi inakwenda.

Shomvi alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea. Kabla ya kupanda alizima swichi kuu, kisha akatundika kwenye mpini wake kibao cha mninga, ukubwa wa kiganja, chenye jina lake lililochomwa kwa msumari wa moto. Kibao kipo, basi mtu yuko juu. Akishuka, anakitoa mwenyewe.

"Aliyetundika ndiye atunduaye," alikuwa akitwambia. "Hata akija mama yako mzazi akasema kitoe, mwambie mama, subiri. Na mwenye kibao akifa, kitatolewa na mrithi wake, mbele za watu. Vinginevyo kiacheni."

Tulicheka. Nani afe?

*

Mradi wetu mkubwa wa kwanza ulikuwa transfoma ya Soko la Kwambono. Waziri alitakiwa kuja kuifungua saa nane mchana. Alifika saa sita. Katika historia ya nchi yetu waziri hajapata kuwahi, na hapakuwa na mwongozo wa nini kifanyike. Kumbe pilau ilikuwa imeiva mapema na mtu mwenye nia njema akampigia simu.

Mheshimiwa alipanda jukwaani, akasema: "Ndugu wananchi! Giza ni adui. Na katika demokrasia yetu hata adui ana haki ya kusikilizwa. Lakini leo nasema, hatumsikilizi!" Watu wakapiga vigelegele. Waziri akashika mpini wa swichi, mkono ukagonga kitu.

"Hiki nini?"

"Ukuni tu, Mheshimiwa," akasema Bwana Ngayama, kisha kwa upande wa mdomo: "Hebu toeni huo ukuni."

Mtu mmoja wa kampuni, jina lake si muhimu, akakitoa.

Taa za Kwambono zikawaka saa sita mchana, jua likiwa utosini. Wananchi walipiga makofi sana. Wale waliokuwa wametazama juu hawakupiga. Wimbo wa puani ulikatika katikati.

*

Sasa hapa ndipo mgeni hukosea. Hudhani kampuni ilirudi nyuma. Wapi! Hapa ndipo ilipoanza kukua.

Wizara ilikuwa na mradi mwingine, mkubwa zaidi, na sheria ilisema utapewa kampuni yenye Cheti cha Kutokuwa na Ajali. Katibu wa Wizara alikuja alasiri ileile, akasimama chini ya nguzo na kalamu yake. Ni mtu makini sana.

"Ajali," alisema, "ni pale mfanyakazi anapokufa. Je, mfanyakazi amekufa?"

"Wewe unamwonaje?" Bwana Ngayama akauliza.

Katibu akatazama juu kwa muda. "Namwona ametulia."

"Basi andika ametulia."

Ikaandikwa. Na mtu aliyetulia huwezi kumpeleka makaburini, itakuwa kumwonea. Kwa hiyo kampuni ilichimba shimo, ikamlaza hapohapo chini ya nguzo yake, ikazungushia seng'enge, ikaweka bango zuri la rangi nyekundu: FUNDI YUKO KAZINI. USIMSUMBUE.

Jumanne iliyofuata mkewe akaja ofisini. Bi. Mwanamvua alikuwa akiuza mikate ya kumimina palepale sokoni. Aliona yote kwa macho yake. Alikuwa na kifurushi kwapani. Ndani yake mlikuwa na bafta nyeupe, sanda ya mumewe, ameikunja vizuri. Alinijua mimi kuliko wote pale, kwa kuwa nilikuwa nakula kwao.

"Shemeji Pazi," akasema, "sikuja kugombana. Nataka neno moja tu. Semeni amekufa. Mkishasema, nitamtoa pale, nitamvisha hii, atasaliwa, atalala karibu na mama yake. Basi. Sitaki kingine."

Nikapeleka ombi juu. Jibu likashuka likiwa na mihuri minne: mumeo hajafa, mama, amepandishwa cheo.

Alikwenda kwa sheikh. Sheikh ni mtu mwema, alilia naye, lakini alionyeshwa daftari la mahudhurio, na humo Shomvi Kitojo alikuwa ameripoti kazini asubuhi hiyo saa moja na dakika mbili. "Mwanangu," sheikh akamwambia, "nikimsalia mtu ambaye serikali inasema yuko hai, nitafungwa mimi, na wewe nani atakuzika?" Akawa si mke, si mjane. Eda haikuweza kuanza, kwa hiyo haikuweza kwisha. Kila Jumanne alikuja na bafta yake, akakaa kwenye benchi la wageni mpaka ofisi inafungwa. Wahudumu walimzoea, wakawa wanadeki kumzunguka.

*

Mradi wa pili ulikuwa Barabara ya Taa. Maili arobaini za taa porini. Barabara yenyewe ilikuwa ifuate baadaye, maana wataalamu waligundua kwamba barabara bila taa ni hatari, lakini taa bila barabara hazijamuua mtu. Sheria ilitaka fundi mwenye uzoefu mkubwa, tukamwandika Shomvi. Wakati huo alikwisha kuwa Fundi Mkuu Mwandamizi, na Mfanyakazi Bora mara mbili mfululizo. Bwana Ngayama alitusema mkutanoni, kombe mkononi:

"Mwangalieni Shomvi! Hajachelewa. Hajaumwa. Hajaomba ruhusa hata ya msiba! Ninyi mna nini ninyi?"

Tuliinamisha vichwa. Kwa kweli tulikuwa na aibu.

Siku ya kufungua Barabara ya Taa nilitangulia kukagua swichi. Kwenye mpini palikuwa na kibao cha mninga. Kona moja imeungua. Nikarudi nyuma hatua moja, kwa sababu kibao kile nilijua kiko wapi. Kilikuwa nyumbani kwangu, sandukuni, chini ya nguo za Idi. Msiniulize kilifikaje sandukuni. Na waya, ambao bado haukuwa na moto hata chembe, ulikuwa unaimba. Mmm, mmm.

"Pazi, ukuni," akasema Bwana Ngayama.

Nikakitoa. Taa zikafunguliwa, mbuzi wa porini wakashangilia kwa niaba ya wananchi. Niliporudi nyumbani nilifungua sanduku. Kibao kimo, kimelala. Tangu siku ile vidole vyangu vya mkono wa kulia havisikii moto wala baridi. Chai ya moto naijua kwa kuona moshi wake. Kampuni ilithamini mchango wangu, ikanipa cheo: Afisa Mwandamizi wa Uondoaji wa Vikwazo. Katika kila ufunguzi, kibao kipo. Katika kila ufunguzi, nakitoa. Juu sikutazama. Cheo changu hakikunitaka nitazame juu.

Tukafungua kiwanda cha barafu, tukafungua uwanja wa ndege usio na ndege, tukafungua hata taa za chini ya ziwa kwa ajili ya samaki wa kitalii. Kampuni ilikuwa inapanda kama unga wa hamira. Miaka sita, makombe sita, Jumanne zaidi ya mia tatu.

Kisha akaja mkaguzi wa Wizara, akaona ukutani vibao vya mafundi wengine waliomwiga Shomvi, akanuna.

"Kampuni isiyo na ajali inaogopa nini? Vibao hivi vinaleta picha mbaya."

Vikateremshwa vyote, vikachanjwa, na chai ya mkaguzi ikachemshiwa hapohapo. Kuanzia siku hiyo mafundi wetu walipanda bila kibao, kwa kuaminiana.

*

Mradi wa mwisho uliitwa Mwanga wa Milele. Minara ya chuma mia saba toka kaskazini hadi mlangoni kwa Mtukufu, mkuu wa nchi, ili Mtukufu aweze kuwasha nchi nzima kwa mpini mmoja. Minara mia nne tuliijenga. Iliyobaki ilichorwa vizuri sana ukutani kwenye chumba cha ramani.

Ufunguzi ulipangwa saa nane mchana. Kwetu taa hufunguliwa mchana, ili asipatikane mtu wa kudai kwamba hazikuwaka. Ukawahishwa hadi saa sita. Pilau tena! Mungu atuepushe na wapishi wenye bidii.

Nilitangulia kwenye mpini. Ulikuwa wa shaba, umefunikwa kitambaa cha mahameli. Nikafunua. Kibao hicho hapo. Safari hii kilikuwa kinanuka moshi mbichi, na wimbo haukuwa kwenye waya, ulikuwa sikioni mwangu. Nikanyoosha mkono nifanye kazi yangu. Mkono ukagoma. Vidole vile visivyosikia kitu miaka mingapi sijui, vikasikia moto.

Basi nikatazama juu. Kwa mara ya kwanza, jamani, nikatazama juu.

Kwenye mnara wa nne kulikuwa na watu. Saba. Walikuwa wanafunga waya wa mwisho, miguu inaning'inia, hawana habari kwamba pilau imeiva.

"Pazi, toa ukuni," akasema Bwana Ngayama nyuma yangu.

"Bwana, kuna watu juu."

"Watu gani? Ratiba inasema wameshuka saa saba."

"Sasa hivi ni saa sita."

"Kwa mujibu wa ratiba wameshashuka! Toa!"

"Kuna nini huko?" Mtukufu akauliza. Alikuwa amefika karibu, Waziri amemshikia mwavuli. Mtukufu ni mtu anayependa sheria, ametunga nyingi. Akakishika kibao, akasoma jina, akacheka kwa furaha. "Shomvi Kitojo! Si yule Mfanyakazi Bora? Nimesaini makombe yake sita na sijapata kumshika mkono. Na kanuni si inasema aliyetundika ndiye atunduaye? Imo kwenye cheti chenu, kifungu cha tisa, nimeisoma. Mwiteni basi. Si yuko kazini?"

Bwana Ngayama akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Katibu. Katibu akatazama viatu vyake. Hakuna aliyeweza kusema Shomvi hawezi kuja, maana ungeulizwa kwa nini.

Waziri akachukua kipaza sauti. Vipaza arobaini vikatangaza milima yote ikasikia: "Fundi Shomvi Kitojo! Hapo ulipo juu, shuka chini mara moja!"

Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu, sauti inamtetemeka. Jasho lilikuwa linamtiririka Bwana Ngayama mpaka kwenye tai. Huko nyuma ya kamba, katikati ya wananchi, nilimwona Bi. Mwanamvua, kifurushi kwapani. Alikuwa amesimama wima kabisa.

Ndipo wakaja watu saba, wametapakaa vumbi, kofia mikononi. Mbele yao fundi mmoja aitwaye Tungaraza.

"Mheshimiwa, tumesikia mnasema tushuke, tumeshuka," akasema. "Ila mwenzetu wa nane amekataa."

"Wa nane?" Katibu akaropoka. "Orodha ina watu saba!"

"Yupo wa nane. Mrefu hivi, anaimba kwa puani. Tumemwita twende. Kasema hashuki, kibao chake bado."

Bwana Ngayama akanivuta bega, akaninong'oneza, pumzi yake inanuka iliki: "Nenda kwenye kipaza sauti, sema wewe ndiye Shomvi. Kitoe kwa jina lake, tumalize. Kesho wewe ni Naibu Mkurugenzi."

Nikaenda. Nilikuwa nimekubali, msinifanye shujaa. Nilifungua mdomo niseme mimi ni Shomvi, na macho yangu yakaangukia ile bafta. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa miaka sita ya benchi letu.

"Mimi si Shomvi," nikasema, na vipaza arobaini vikasema pamoja nami. "Mimi naitwa Pazi. Shomvi Kitojo amekufa. Alikufa Kwambono, juu ya nguzo, miaka sita iliyopita, saa kama hizi. Alitundika kibao chake kama alivyotufundisha. Aliyekitundua ni mimi."

Bi. Mwanamvua akainama, akapita chini ya kamba. Askari hawakumzuia, nadhani nao walikuwa wanasikia ule wimbo. Akaja mpaka kwenye mpini, mimi hakunitazama, akamtazama Mtukufu.

"Amesemwa?" akauliza. "Amesemwa mbele za watu?"

Mtukufu akanywea. "Naona amesemwa, mama."

"Basi mimi ndiye mrithi wake."

Akakitoa kibao kwa mikono miwili. Na wimbo ule, ambao Kwambono ulikatika, safari hii ulikwenda ukaisha wenyewe, kama wimbo wa mtu aliyemaliza kazi yake na kukunja waya.

Mtukufu akavuta mpini. Kwa jua lile hatukujua kama taa ziliwaka. Tulipiga makofi.

*

Serikali yetu haina kinyongo. Cheti cha kifo kilitoka siku ileile: Shomvi Kitojo, amefariki leo, saa sita na nusu mchana, sababu ya kifo, kuitwa. Kampuni nayo haikupata hasara, kwa vile ilifunga jalada la miaka sita bila ajali kabla ya saa sita na nusu, na ikafungua jipya baada yake. Tayari imepewa mradi wa kuweka umeme mwezini, upande wa giza, ambao wataalamu wanasema umesahaulika.

Mazishini tulikwenda na Bi. Mwanamvua, sheikh na wale mafundi saba. Tuliingia ndani ya seng'enge. Nilijaribu kumwomba radhi. Niliandaa maneno mazuri, ya kiofisi.

"Shemeji," akanikata, "nilikuomba neno moja. Umekaa nalo miaka sita, unakula mikate yangu. Usiniongezee mengine. Shika jembe."

Nikashika. Mkono wa kulia umerudi kusikia, na ulikuwa unauma kila nilipopiga udongo. Alivishwa bafta yake ya rangi ya chai, akasaliwa, akalazwa karibu na mama yake. Kibao chake wamekisimika kichwani. Bi. Mwanamvua alirudi nyumbani, akafunga mlango, akaanza kuhesabu eda yake, miezi minne na siku kumi, kama wanawake wengine.

Mimi nimeachishwa kazi kwa kosa la kutangaza kifo bila kibali. Lakini juzi Tungaraza alikuja kunijulia hali, akanambia jambo huku anaangalia mlango. Amepita ofisini. Daftari la mahudhurio linaonyesha Pazi ameripoti kila siku, saa moja na dakika mbili. Wanataka kunipa kombe.

Akapita na Kwambono pia. Shimo pale chini ya nguzo hawajalifukia. Bango wamelipaka rangi upya.

Ndiyo maana nimeandika kwa haraka, mnisamehe mwandiko. Jina langu ni Pazi. Ikiwa mtaambiwa niko kazini, mwambieni aliyewaambia anitoe mnione kwa macho.